Kupiga Picha za Majengo na Bustani za Kisumu: Anza na Jua

Mafunzo mengi ya kupiga picha za majengo yaliandikwa na watu wa nchi ambako jua hupita upande mmoja wa anga mwaka mzima. Ushauri wao kuhusu mwanga ukiuleta Kisumu unakupotosha. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini, na jua letu hupanda karibu wima, hukaa utosini, kisha huhamia kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Aliyejenga hapa alilijua hilo. Baraza pana, paa lililochomoza, luva za zege (vipande vya mshazari vya kukinga jua) na mti uliopandwa mbele ya mlango ni kazi ya kupigania kivuli na kukwepa mvua. Picha nzuri ya jengo la Kisumu huonyesha kazi hiyo ilivyofanywa, na ndiyo sababu nakushauri ujifunze jua kwanza, kamera baadaye. Simu yenye kamera ya wastani inatosha kabisa kwa karibu kila kitu nitakachoeleza.

Hatua ya kwanza: tafuta saa ambazo ukuta hupata jua

Kabla ya kupiga picha hata moja, simama mbele ya jengo, uligeukie, ufungue dira ya simu. Soma upande unaotazama, kisha ugeuze: ukitazama magharibi, uso wa jengo unatazama mashariki. Jitenge kidogo na magari na mageti ya chuma, maana chuma huivuruga dira. Andika upande huo kwenye daftari.

Kenya inafuata saa ya longitudo 45 mashariki, ilhali Kisumu iko karibu na 35. Kwa hiyo jua letu linachelewa. Huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi kutegemea mwezi, huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, na adhuhuri yenyewe, yaani wakati jua liko juu kabisa, haiji saa sita kamili bali karibu saa 6:40. Novemba inawahi kidogo, Februari inachelewa zaidi. Maana yake kwako ni kwamba ukuta unaotazama mashariki una jua mpaka karibu saa saba mchana, na wa magharibi hauanzi kupata jua mpaka muda huo upite.

Kuta za kaskazini na kusini ndizo zinazowashangaza wageni. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini miezi hiyo yote. Baada ya hapo mambo yanageuka. Kama jengo unalolipenda linatazama kusini na sasa ni Juni, una njia mbili: lipige siku ya mawingu mepesi, au urudi Desemba. Mimi ningerudi Desemba. Jengo limesimama hapo miongo mingi, litakungoja.

Mwanga laini wa asubuhi hapa ni mfupi. Jua hupanda karibu digrii 15 kwa saa moja, hivyo kufikia saa 1:45 hivi vivuli vimeshaanza kuwa vikali. Fika kabla halijachomoza, ukiwa umeshachagua mahali pa kusimama siku iliyotangulia. Jioni, rangi ya samawati angani inayopendeza pamoja na taa za madirisha hudumu dakika chache tu, kama dakika 15 hadi 30 baada ya jua kuzama. Ukianza kutafuta pa kusimama wakati huo, umeshachelewa.

Usiudharau mchana

Utaambiwa kila mahali kwamba jua la mchana ni adui wa picha. Kwa uso mpana wa jengo, ni kweli. Lakini mchana una kazi mbili ambazo saa nyingine haziwezi.

Ya kwanza ni maandishi na nakshi. Majengo ya zamani ya katikati ya mji, hasa maduka yaliyojengwa na familia za Kiasia, huwa na mapambo ya plasta juu ya baraza, na mengine yana mwaka au jina lililonyanyuliwa ukutani. Jua likiwa karibu utosini linaupitia ukuta huo kwa juu, na kila herufi inaangusha kivuli chake. Maandishi ambayo asubuhi yalikuwa yamefifia chini ya rangi za miaka mingi yanasomeka vizuri. Kuna dakika chache tu kabla jua halijavuka upande wa pili wa paa, kwa hiyo simama tayari.

Ya pili ni kivuli chenyewe. Ukitaka kujua kama bustani ya umma au uwanja fulani umesanifiwa vizuri, nenda saa saba mchana uone watu wamekaa wapi. Benchi zuri lililowekwa juani litakuwa tupu. Ukingo wa saruji chini ya mti utakuwa umejaa. Piga picha zote mbili. Msanifu akiziona pamoja atajifunza kuliko angejifunza kwenye picha moja ya machweo.

Kuhusu mistari inayolala

Kosa linaloharibu picha nyingi za majengo ni moja: kuinua simu ili ghorofa ya juu iingie. Ukiinua, sehemu ya juu ya jengo inakuwa mbali zaidi na lenzi kuliko ya chini, basi inaonekana nyembamba na kuta zinaegemeana kama hema. Dawa yake ni kuishika simu wima kabisa, isiinamie mbele wala nyuma. Washa gridi, ile mistari ya msaada kwenye kioo, katika mipangilio ya kamera, kisha linganisha mstari wa gridi na kona ya jengo.

Simu ikiwa wima hivyo, jengo refu halitaingia ukiwa karibu. Kuna hesabu rahisi ya kukumbuka. Kwa lenzi ya kawaida ya simu, ile iliyoandikwa 1x, simama umbali wa mara moja na nusu ya kimo cha jengo ikiwa umeisimamisha simu kwa urefu wake, na mara mbili ya kimo ikiwa umeilaza kwa upana. Jengo la mita 10, kama duka la orofa mbili hivi lenye ukingo mrefu juu, linataka mita 15 kwa picha ya kusimama. Hatua ya mtu mzima ni kama robo tatu ya mita, kwa hiyo hesabu hatua 20 kutoka ukutani. Utapata lami au vumbi nyingi chini ya picha, zikate baadaye.

Mtaani mara nyingi nafasi hiyo haipo. Hapo jaribu kupanda. Ukiomba kusimama kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza au ya pili ng'ambo ya barabara, lenzi yako inakuwa karibu na nusu ya kimo cha jengo, na mistari inanyooka bila kuhitaji umbali mrefu. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu pia inakuinua juu ya matatu na tuktuk zilizoegeshwa. Lenzi pana ya 0.5x iwe chaguo la mwisho: inavuta pembe za picha, na duka lililo pembeni linaonekana pana kuliko lilivyo. Kunyoosha mistari kwa programu inawezekana, Snapseed na Lightroom zote zina kifaa hicho, ila ukiinyoosha picha iliyoinamishwa sana jengo linarefuka isivyo kweli.

Wenye kamera yenye lenzi za kubadilisha, tumieni stendi ya miguu mitatu, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 au f/11, na kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole kisitikise. Lenzi ya milimita 24 hadi 35 kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, inatosha. Filta ya kupunguza mng'ao inasaidia kwenye vioo vya majengo mapya, lakini simama kwa mshazari na kioo. Ukiwa uso kwa uso na kioo haifanyi kazi. Na ukiwa na lenzi pana filta hiyo huipa anga doa jeusi upande mmoja, kwa hiyo ivue.

Mwanga wa ndani ya baraza

Hili ndilo tatizo kubwa la kiufundi mjini kwetu. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe uko juani, na chini yake baraza ni giza. Simu inajaribu kuvipa vyote haki na mara nyingi inakosa vyote viwili: ukuta unaungua, yaani unabaki mweupe mtupu, na baraza linabaki shimo jeusi.

Bonyeza kwa muda mahali palipo na mwanga mkali, mpaka simu ifunge kipimo chake, kisha shusha mwanga kidogo mpaka uone tena mikwaruzo ya rangi ukutani. Kivuli utakiinua baadaye kwenye programu. Ukuta uliokwisha kuungua haurudishiki. Kamera ikiwa na faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, zitumie, maana zinahifadhi mengi zaidi gizani. Suluhisho lililo bora kuliko hayo yote ni kurudi asubuhi kama baraza linatazama mashariki: jua la chini linaingia hadi mlangoni, linagusa sakafu, magunia, cherehani ya fundi, na huhitaji hila yoyote.

Sehemu tatu za kuanzia

Anza na mnara wa saa kwenye Mtaa wa Oginga Odinga. Ulizinduliwa mwaka 1938, na wana wa Kassim Lakha ndio walioujenga kwa kumbukumbu ya baba yao. Ni mdogo, umejitenga na majengo mengine, na unaweza kuuzunguka. Uupige ukiona nyuso mbili kwa pamoja, moja juani na moja kivulini, ule wenye jua ukichukua sehemu kubwa ya picha. Ukiupiga uso mmoja tu unaonekana bapa, hauna kina. Rudi jioni upige kutoka upande wa pili. Zoezi hili peke yake litakufundisha mwanga wa Kisumu.

Kisha nenda Makumbusho ya Kisumu, kwenye barabara ya kuelekea Kericho, ukaone Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa upya kwa ukubwa wake halisi. Ninakaa hapa zaidi kwa sababu wengi hupita wakipiga nyumba mojamoja, wakakosa jambo lenyewe. Boma ni usanifu wa ardhi kabla ya kuwa nyumba. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazama lango. Simba, yaani nyumba ndogo za wavulana, ziko karibu na lango. Kila jengo lina mahali pake kwa mujibu wa mtu anayelala ndani. Kwa hiyo picha ya kwanza ipigwe ukiwa umesimama langoni, katikati, simu ikiwa wima, ili ionekane njia inayotoka miguuni mwako hadi mlango wa mikayi. Ya pili ipigwe ukiwa mlangoni mwa mikayi ukitazama langoni, ili tuone anachokiona mwenye nyumba. Ya tatu, uwanja mtupu ulio katikati. Baada ya hapo ndipo usogee kwenye nyasi za paa, udongo wa kuta na nguzo. Paa la nyasi linachomoza sana na kutupa kivuli kizito ukutani. Mawingu mepesi yanalifaa kuliko jua kali. Ulizia getini masharti ya kupiga picha na malipo yake, hasa kama picha ni za biashara.

Mahali pa tatu ni ufuo, kutoka Hippo Point hadi Dunga. Ghuba ya Winam iko upande wa magharibi, kwa hiyo jua linazama majini, na kila mtu hulipiga. Lipige nawe, kisha ugeuke. Mwanga ule ule wa dhahabu uko nyuma yako, umeangukia mafunjo, mashua na vibanda vya samaki. Mafunjo hupita kimo cha mtu mara mbili. Weka mtu au mashua kwenye picha ili ukubwa huo uonekane. Hakikisha mstari wa maji umenyooka. Magugu maji husukumwa na upepo, ufuo uliokuwa maji matupu asubuhi unaweza kuwa zulia la kijani jioni, basi usipange picha moja tu. Giza likiingia, wadudu wa ziwani hujaa kwenye taa. Kaa mbali na taa hizo na ufute lenzi.

Ufuo huu pia unahitaji picha za kurudia. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na sehemu za Dunga zikafunikwa. Chagua alama isiyohama, mwamba au nguzo ya saruji, simama hapo hapo kila baada ya miezi kadhaa kwa lenzi ile ile. Kwa mtu anayepanga ujenzi karibu na maji, mfululizo huo una thamani kubwa kuliko machweo yoyote.

Mawingu ya alasiri

Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na mawingu hujikusanya upande wa milima ya Nandi. Alasiri nyingi za msimu wa mvua, Machi hadi Mei hasa, utaona anga ya mashariki imekuwa nyeusi huku jua likiwa bado linawaka magharibi. Jengo linalotazama magharibi wakati huo linang'aa mbele ya wingu la rangi ya chuma. Hakuna filta inayoweza kutengeneza hali hiyo. Una muda mfupi kabla mvua haijafika, na radi za huku si za kuchezea: ukisikia ngurumo, ondoka kwenye paa, ufuo na uwanja wa wazi.

Mvua ikikatika, usirudi nyumbani. Nyasi zimeoshwa vumbi, rangi za mawe zimekolea, na madimbwi yanaonyesha maji yanakimbilia wapi. Mfereji uliojaa taka na mfereji uliofanya kazi yake ni sehemu ya usanifu wa mandhari sawa na ua la bogonvilia.

Wasomaji wa Nakuru mna neema yenu: mijakaranda kando ya barabara, inayochanua kuanzia Septemba hivi. Pigeni asubuhi mapema, kabla maua yaliyoanguka hayajakanyagwa, na wekeni jengo ndani ya picha, si matawi peke yake.

Watu, askari na sheria

Msalimu mlinzi kabla hujatoa kamera. "Habari ya kazi, mkubwa. Mimi napiga picha za majengo ya zamani mjini. Naomba nisimame hapa dakika tano." Akikataa, mshukuru uondoke, mara nyingi barabara ya ng'ambo ina mwonekano mzuri zaidi. Mama anayeuza chini ya baraza aombwe pia, maana pale ni mahali pake pa kazi, na uso wake ukitambulika kwenye picha ya kuchapishwa anastahili kujua. Kwenye gurdwara, hekalu la Wasikh, vua viatu na ufunike kichwa. Misikitini na mahekaluni omba ruhusa kwanza, na usipige watu wakiwa katika ibada.

Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204, inaweka mipaka kuhusu maeneo ya usalama. Kambi, vituo vya polisi, magereza na maeneo ya ulinzi ya uwanja wa ndege usiyapige bila kibali. Ndege ndogo zisizo na rubani zinahitaji usajili na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kwa kuwa uwanja wa ndege wa Kisumu uko karibu sana na mji, usirushe kwa kubahatisha.

Kwa usalama wako, funga kamba ya simu mkononi, nenda na mwenzako alfajiri, na usirudi nyuma ukitazama kioo cha simu huku bodaboda zinapita.

Kuhariri na kuhifadhi

Nyoosha mistari, kata kilichozidi, inua vivuli kiasi, acha hapo. Usibandike anga ya kununua juu ya Kisumu. Nyaya za umeme na mabango ya rangi ziache pia: miaka 20 ijayo mtu atataka kujua duka lile liliuza nini na waya ulipita wapi. Duka la zamani linaweza kubomolewa kabla mwaka haujaisha, na picha yako ikawa kumbukumbu pekee ya baraza lake.

Kwa hiyo ipe kila faili jina linalosomeka: mwaka, mwezi na siku, kisha mtaa, kisha upande ambao uso wa jengo unatazama, kwa mfano 2025-06-14_oginga-odinga_mashariki. Ndani ya maelezo ongeza saa uliyopiga na mahali uliposimama. Weka nakala moja kwenye simu, ya pili kwenye diski nje ya simu, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp isiwe hifadhi yako, kwa sababu picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupunguzwa. Ukitaka kumtumia mwenye jengo picha kamili, itume kama hati.